Wimbo wa Mgeni: Haki ya Kuchagua katika Historia ya Redio Kisiwani Pemba

Mji wa Chake Chake umekaa mwisho wa hori lenye mikoko, na maji yakitoka hori hilo hubaki matope. Ndiyo maana vyombo vizito vilikuwa vikiishia Wesha, kilomita chache magharibi ya mji, kwenye maji ya kina. Bandari kuu ya kisiwa siku hizi ni Mkoani, lakini Wesha bado ina mashua zake, wavuvi wake na safari za kisiwa cha Misali. Kwa anayetaka kufuata historia ya sauti zilizowafikia Wapemba, na za Wapemba zilizowafikia wengine, Wesha ni mahali pazuri pa kusimama. Karibu kila kilicholeta sauti hizo kilivuka bahari kwanza: sanduku la santuri, redio ya betri, kanda ya kaseti, na mwishowe umeme wenyewe.

Ninachokitafutia nasaba ni kipindi cha aina moja tu kati ya vingi vinavyosikika katika redio za mwambao. Mtangazaji humkaribisha mgeni studio, awe mvuvi, mwalimu wa skuli, mkunga au mpiga udi aliyestaafu, naye huja na nyimbo azipendazo. Hupigwa mmoja, mgeni akaeleza aliusikia wapi, na nani, na kwa nini haumtoki moyoni, kisha hupigwa mwingine. Saa moja ikiisha, wasikilizaji wamemjua mtu kwa njia ambayo hotuba haiwezi kumjulisha. Ni kipindi kinachoonekana chepesi, lakini kimebeba swali lililowashughulisha watawala, wafanyabiashara na washairi wa visiwa hivi kwa zaidi ya miaka mia moja na hamsini: nani achague wimbo utakaosikiwa na watu wengi?

Kabla ya mitambo, jibu la Pemba lilikuwa uwanjani. Kisiwa kilikuwa na ngoma zake, msewe, kirumbizi na kibati, na katika kibati waimbaji wawili hujibizana papo kwa papo, maneno yakimwagika kwa kasi juu ya mdundo mpaka kiitikio kiwapokee. Hapakuwa na msikilizaji wa pembeni. Aliyefika alikuwa na haki ya kuitikia, na mwenye ulimi mwepesi alikuwa na haki ya kuingia kati. Hali ilikuwa hiyo hiyo kwa mashairi. Katika karne ya 19 Pemba ilitoa malenga wawili wakubwa, Kamange na Sarahani, ambao tungo zao zilijibizana na kuzungumza na watu wa zama zao, zikahifadhiwa vifuani kizazi baada ya kizazi, hadi zilipokusanywa katika kitabu *Kale ya Washairi wa Pemba*, kilichochapishwa mwaka 2011. Shairi lilisafiri kwa mtu kulipenda, akalishika, akamsomea mwingine. Upendo wa msikilizaji ndio uliokuwa chombo cha kusafirishia sanaa, na shairi lisilopendwa lilikufa na mtunzi wake.

Aprili 1872 kimbunga kilipiga Unguja na kuing'oa mikarafuu kwa wingi, lakini Pemba ikanusurika. Tangu hapo uzito wa karafuu ukahamia Pemba, na pamoja nao msimu wa uchumaji uliowaleta watu kutoka Unguja na bara kila mwaka. Walikuja na miguu yao, majamvi yao na nyimbo zao. Mimi naona kwamba katika historia ya muziki wa kisiwa hiki kimbunga kile hakijapewa nafasi yake. Ramani ya nyimbo za Pemba imechorwa kwa sehemu kubwa na safari za wachumaji, waliolala dago kwa wiki nyingi na kufundishana nyimbo usiku baada ya kuchambua makonyo.

Wakati huo huo, Unguja, jibu la pili la swali letu lilikuwa likijengwa ndani ya kasri. Sayyid Barghash bin Said, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alivutiwa na muziki wa Misri, akampeleka Mohamed bin Ibrahim Cairo akajifunze kupiga kanuni. Hivyo taarab ilianza maisha yake visiwani ikiwa burudani ya baraza la mfalme, ikiimbwa kwa Kiarabu, na aliyechagua wimbo alikuwa mwenye kasri. Mwaka 1905 vijana wa mjini walianzisha Ikhwani Safaa, klabu iliyo hai hata leo, na kwa kitendo hicho muziki ukatoka mikononi mwa sultani ukaingia mikononi mwa wanachama waliochangishana kununua ala. Duara la wachaguaji lilipanuka, ingawa lilibaki la wanaume wa mjini wenye nafasi. Mkulima wa Pemba, aliyelipia anasa hizo kwa karafuu zake, hakuwemo.

Aliyelivunja duara hilo ni mwanamke wa Fumba, Siti binti Saad, binti wa mfinyanzi aliyekuwa akichuuza vyungu mjini kabla sauti yake haijamfikisha kwenye mabaraza ya wakubwa. Mwaka 1928 yeye na wapigaji wake walivuka bahari hadi Bombay, wakarekodi santuri kwa ajili ya His Master's Voice, na nyimbo zao zilikuwa za Kiswahili, zenye habari za mahakama, za unyonge wa maskini na za mambo yaliyotokea mitaani. Kuanzia hapo mtu wa Chake Chake au Wete mwenye kinanda cha santuri aliweza kuisikia Unguja bila ya kupanda chombo. Sauti ya mwanamke iliingia majumbani na mikahawani, ikarudiwa mara kumi kwa siku kama mwenye santuri alitaka.

Santuri ilileta jambo ambalo halikuwepo: mkusanyiko wa mtu binafsi. Ngoma haiwekwi kabatini. Santuri huwekwa, hupangwa, huazimwa, hugombewa, na mwenye nazo huanza kujulikana kwa anazozipenda. Lakini pia kampuni ndiyo iliyoamua nani aende Bombay na nani asiende. Kibati cha Pemba hakikwenda. Waliokwenda waliingia katika kumbukumbu ya kudumu, na waliobaki walibaki katika kumbukumbu ya vifua, ambayo hufa na wenyewe. Tofauti hiyo ya miaka ya 1920 bado inaonekana katika rafu za studio za leo, na nitairudia.

Redio ilifika Afrika Mashariki mwaka huo huo wa 1928, Nairobi, ikiwahudumia walowezi wa Kizungu waliotaka kusikia habari za kwao. Waafrika walianza kuzungumzishwa kwa lugha zao hasa wakati wa Vita Kuu ya Pili, serikali za kikoloni zilipohitaji kuwaeleza watu habari za vita na za askari wao walio mbali. Katika miaka hiyo hiyo, London iliyokuwa ikipigwa mabomu ilizaa kipindi ambacho ndugu zake wametapakaa duniani. Januari 29, 1942, BBC ilirusha kwa mara ya kwanza *Desert Island Discs*, kilichobuniwa na Roy Plomley, ambamo mgeni huulizwa ni santuri nane zipi angechukua kama angetupwa peke yake katika kisiwa kisicho na watu. Mgeni wa kwanza alikuwa mchekeshaji Vic Oliver, na kipindi kinaendelea mpaka sasa. Kwa msikilizaji wa Pemba, wazo la kisiwa kama mahali pa upweke lingekuwa geni kabisa: kisiwa kwake ni mahali penye watu wengi mno, jamaa juu ya jamaa, na nyimbo huchaguliwa kwa sababu yao. Sidai kwamba kipindi cha London ndicho baba wa vipindi vyetu. Lakini kilithibitisha jambo moja katika ufundi wa redio, kwamba orodha fupi ya nyimbo ikiulizwa kwa subira inaweza kubeba maisha ya mtu.

Kikwazo cha miaka ile kilikuwa chombo cha kusikilizia. Redio za taa zilitaka umeme au betri kubwa, na bei yake ilikuwa ya watu wachache. Mwaka 1949, huko Rhodesia ya Kaskazini, Harry Franklin wa idara ya habari alifanikiwa kushawishi itengenezwe redio rahisi ya betri kwa ajili ya wasikilizaji Waafrika, iliyopewa jina la sufuria kwa umbo lake, ikauzwa kwa pauni 5, betri ikiwa mbali. Ilionyesha kwamba mwananchi wa kawaida angetoa fedha zake apate sauti nyumbani. Miaka miwili baadaye, 1951, Sauti ya Unguja ilianza kutangaza, mwaka ule ule ambao matangazo yalianza Dar es Salaam. Visiwa vikapata sauti yao hewani, kwa Kiswahili cha kwao, na taarab ikapata studio.

Sauti hiyo ilikuwa mikononi mwa serikali ya kikoloni, nayo haikuachiwa anga peke yake. Mwaka 1954 Cairo ilianza matangazo ya Kiswahili, na miongoni mwa waliosimama mbele ya kipaza sauti alikuwa Ahmed Rashad Ali, mwana wa Zanzibar, aliyewaletea wasikilizaji wa mwambao maneno makali dhidi ya ukoloni. Juni 27, 1957, BBC nayo ikaanza Idhaa ya Kiswahili. Mombasa ilikuwa na Sauti ya Mvita. Kutoka upande wa pili wa Bahari ya Hindi, Radio Ceylon ilirusha kuanzia 1952 kipindi cha Ameen Sayani cha nyimbo za filamu za Kihindi, *Binaca Geetmala*, kilichofika hadi pwani yetu. Na kwenye redio ya Misri Umm Kulthum aliimba Alhamisi ya kwanza ya mwezi, mashabiki wake wakikesha.

Huo ndio msingi wa masikio ya Mpemba wa makamo na mzee. Watu walikaa barazani au mkahawani jioni, redio moja kwa watu kumi au ishirini, wakizungusha kitufe kutoka Cairo hadi Unguja hadi Mombasa. Mwenye redio ndiye aliyeshika kitufe, naye alikuwa, kwa maana fulani, mtangazaji wa kwanza wa kijiji. Aliombwa, alibishiwa, alisifiwa kwa kujua saa ya wimbo fulani. Atakayechunguza utunzi wa taarab ya miaka ile atakuta mahadhi ya filamu za Bombay ndani ya mashairi ya Kiswahili, na kanuni na fidla za Cairo ndani ya okestra za Unguja, kwa sababu anga halikuwa na forodha.

Kisha siasa ikapamba moto. Uchaguzi wa kwanza ulifanywa Julai 1957, zikafuata chaguzi nyingine zilizowagawa watu hata katika misiba na harusi, na nyimbo zikaanza kusikilizwa kwa masikio ya vyama. Uhuru ulitolewa Desemba 10, 1963. Mwezi mmoja na siku mbili baadaye, alfajiri ya Januari 12, 1964, mapinduzi yaliiangusha serikali, na kituo cha redio kikaingia mikononi mwa wapinduzi. Kutoka kituo hicho cha Raha Leo visiwa vilisikia sauti ya John Okello, mtu wa Uganda aliyewahi kuishi Vitongoji, Pemba, kabla ya kwenda Unguja, akitoa amri na vitisho. Pemba ilipata habari ya mapinduzi kwa redio kabla ya kuwaona wapinduzi wenyewe. Kizazi kilichosikia matangazo yale hakikuisahau nguvu ya kipaza sauti, wala woga wake.

Kwa miongo mitatu iliyofuata, jibu la swali letu lilikuwa serikali. Sauti ya Tanzania Zanzibar ndiyo iliyokuwa redio, na hapakuwa na nyingine ya ndani. Mashairi yalipitiwa kabla ya kurushwa. Wimbo uliodhaniwa una fumbo baya uliwekwa kando. Nisingependa kuzipitia zama hizo kwa lawama tupu. Studio ya Raha Leo ilirekodi vikundi vya taarab kwa bidii, Ikhwani Safaa, Culture Musical Club iliyoanzishwa 1958, na vingine, na kanda zake kubwa za rili ndizo hazina kuu ya muziki wa visiwa. Mtambo wa masafa mafupi wa Dole, uliorusha kwenye kilohezi 11735, ulisikika mbali kiasi kwamba wapenzi wa kusaka redio za mbali huko Ulaya walikuwa wakiutafuta usiku ili wasikie taarab. Lakini kilichokusanywa kilikuwa kwa wingi cha Unguja mjini. Pemba, iliyopita katika miaka ya njaa na ya kutoaminiwa baada ya mapinduzi, ilibaki zaidi upande wa kusikiliza.

Hata hivyo ndani ya redio hiyo ya serikali, msikilizaji alipata mlango, na mlango huo ni salamu. Transista ilikwisha kuingia. Redio za National na Philips zikawa mali ya nyumba ya kawaida, zikining'inizwa kwenye tawi la mkarafuu wakati wa kuchuma au kuwekwa tezi ya mashua. Kote Afrika Mashariki, katika Redio Tanzania Dar es Salaam, katika Sauti ya Kenya na visiwani, vipindi vya salamu vilijaza mchana na jioni. Mtu aliandika barua au alijaza kadi: jina lake, majina ya anaowasalimu, mahali walipo, ujumbe, na wimbo anaouomba. Mtangazaji alisoma majina kwa ufasaha wa kughani, pumzi ikipimwa, kisha akaweka sahani. Wasomi wamezoea kuvidharau vipindi hivi kama vya kupotezea wakati. Kwa kisiwa kama Pemba dharau hiyo haina haki. Maelfu ya Wapemba waliondoka katika miaka ya 1960 na 1970 kwenda Tanga, Mombasa, Dar es Salaam na hadi Uarabuni. Barua ilichelewa, simu haikuwepo, na kusikia jina la mama yako likitajwa hewani kabla ya wimbo alioupenda kulikuwa ni ushahidi wa uhai. Hapo ndipo wimbo na jina la mtu vilipofungamanishwa hewani: wimbo wa fulani, alioutoa fulani, kwa ajili ya fulani.

Kaseti iliupanua mlango huo. Kuanzia miaka ya 1970 na zaidi ya 1980, mtu aliweza kurekodi harusi, kunakili kanda ya jirani, kuagiza ya Juma Bhalo au Zein l'Abdin kutoka Mombasa, au ya Shakila na Black Star kutoka Tanga, ng'ambo ya mkondo wa Pemba. Kwa mara ya kwanza sanduku la kanda chini ya kitanda cha mvuvi lingeweza kuwa na nyimbo ambazo redio haikuwa nazo, na nyingine ambazo redio isingezipiga. Msikilizaji akawa mhifadhi. Nakala zilikuwa mbaya, zenye ukungu wa sauti, majina yameandikwa kwa kalamu ya risasi yakafutika. Hata hivyo sehemu kubwa ya taarab ya harusi za Pemba ya miaka ile ipo hai kwa sababu ya masanduku hayo.

Mabadiliko ya kisheria yalikuja bara kwanza. Sheria ya utangazaji ya 1993 ilivunja ukiritimba wa dola. Radio One ikaanza 1994. Zanzibar ilitunga sheria yake ya tume ya utangazaji mwaka 1997, na katika muongo uliofuata zikasikika Zenji FM, Coconut FM, Chuchu FM na nyingine. Muziki nao ulikuwa umebadilika: East African Melody walileta taarab ya kinanda cha umeme na mipasho, na vijana wakaja na mashairi yao ya kufoka. Lakini muongo huo ulikuwa mzito kwa Pemba. Baada ya uchaguzi wa Oktoba 2000, maandamano ya Januari 2001 yalizimwa kwa risasi, watu wakafa, na wengine kwa mamia wakavuka bahari hadi Kenya kutafuta hifadhi. Watu waliokuwa wakisalimiana kwa nyimbo waliacha kusalimiana kwa midomo. Muafaka wa vyama wa Oktoba 2001 ulipunguza moto bila ya kuuzima, na ni kura ya maoni ya Julai 31, 2010 iliyofungua njia ya serikali ya umoja wa kitaifa.

Mwaka huo wa 2010 una uzito mwingine, na hapa tunarudi Wesha. Hadi wakati huo Pemba iliishi kwa jenereta za dizeli, umeme ghali na wa kubahatisha. Kebo ya kilovolti 33 iliyolazwa chini ya bahari kwa msaada wa Norway iliuleta umeme wa gridi kutoka Tanga hadi Wesha. Redio ndogo ya jamii haiwezi kusimama juu ya jenereta. Mafuta hula mshahara wa mtangazaji. Karibu na wakati huo huo, kwa msaada wa UNESCO, Redio Jamii Micheweni ilipata sauti kaskazini ya kisiwa, katika wilaya iliyokuwa miongoni mwa maskini zaidi visiwani, na Mkoani nayo ikapata redio ya jamii. Mwaka 2013 televisheni na redio za serikali ziliunganishwa kuwa Shirika la Utangazaji Zanzibar, ZBC. Kwa mara ya kwanza kipaza sauti kilikuwa mahali ambapo mvuvi angeweza kukifikia kwa baiskeli.

Ndipo kipindi cha mgeni na nyimbo zake kikawa jambo linalowezekana, maana kinahitaji mambo matatu yaliyokuwa yametengana: ukaribu wa studio, msikilizaji mwenye hazina yake mwenyewe, na ruhusa ya kuchagua. Kazi ya mtangazaji wake ni ya uenyeji kuliko ya usemaji. Mgeni mzee huamkiwa shikamoo kabla ya taa nyekundu kuwaka, huulizwa hali, huachiwa azoee kiti na kipaza sauti. Nyimbo zake hupokewa mapema, siku hizi mara nyingi kwa simu, kwa sababu mgeni husema "ule wimbo wa bahari" na kumbe nyimbo za bahari ni hamsini. Mtangazaji mzuri husikiliza zote nyumbani, akajua ubeti gani una jina la mtu, na ni wapi pa kuukata kama muda umebana. Taarab ya zamani ina utangulizi mrefu wa ala, na kuna kishawishi kikubwa cha kuzungumza juu yake. Anayefanya hivyo amemnyang'anya mgeni nusu ya wimbo wake.

Swali nalo lina adabu yake. Ukimwuliza bibi wa miaka sabini "kwa nini unaupenda?" atakujibu "mzuri tu." Ukimwuliza ulikuwa ukipigwa wapi, na nani alikuwa na redio, atakueleza nyumba ile, mwaka ule wa karafuu nyingi, harusi iliyovunjika kwa mvua, ndugu aliyeondoka asirudi. Pemba kuna mambo ya 1964 na ya 2001 ambayo watu hawayasemi katika mikutano. Mgeni huyakaribia kupitia wimbo, akafika ukingoni, akanyamaza. Mtangazaji anayemjali humwacha anyamaze. Upo uzoefu wa miaka mingi nyuma ya ukimya huo, wa watu waliojifunza kwamba kilichotoka kwenye kipaza sauti hakirudi.

Na kuna mpaka wa dini, ambao mgeni kutoka mbali huweza kuuona kama kizuizi lakini wenyeji wanauishi kama kalenda. Mwezi wa Ramadhani ngoma na taarab hukaa kimya, na mgeni akialikwa mwezi huo huja na kaswida, na simulizi za maulidi aliyohudhuria utotoni. Wapo wanaosema wazi kwamba sauti waliyoipenda kuliko zote maishani ni ya msomaji wa Kimisri Abdulbasit Abdulsamad, waliyoisikia kwenye redio ya baba zao. Hiyo si wimbo, nao hawataiita hivyo, lakini ni jibu la kweli la swali waliloulizwa, na mtangazaji mwenye akili hulipokea lilivyo.

Simu ya mkononi imekifanyia kipindi hiki kile ambacho kadi ilikifanyia kipindi cha salamu, kwa upana mkubwa zaidi. Zantel ilianza visiwani mwaka 1999. Leo ujumbe huingia studio mgeni akiwa bado anazungumza, kutoka Gombani, kutoka Mombasa, kutoka Muscat ambako wamo wajukuu wa walioondoka 1964 wanaokifuata kipindi kwa intaneti. Mmoja humsahihisha mgeni jina la mpiga fidla. Mwingine husema santuri hiyo ilikuwa kwao. Uchaguzi wa mtu mmoja hugeuka mazungumzo ya wengi, karibu na vile kibati kilivyokuwa kabla ya mitambo yote.

Lakini hapa ndipo tofauti ya 1928 inapojitokeza. Mgeni wa Wesha akiomba Siti, wimbo upo. Akiomba Culture au Ikhwani Safaa, upo. Akiomba Bhalo, upo kwa namna nyingi. Akiomba kibati kilichopigwa kwao akiwa kijana, au wimbo waliokuwa wakiimba mama zake wakichambua karafuu, kompyuta ya studio haina kitu, kwa sababu Bombay haikuurekodi, Raha Leo haikuufuata, na kaseti ya jirani ilioza kwa chumvi ya bahari. Mgeni huuimba mwenyewe basi, nusu ubeti, akacheka, akaomba radhi kwa sauti yake. Hapo kazi ya mtangazaji hutoka nje ya studio. Inambidi aende na kinasa sauti mpaka kwa mwenye kuujua wimbo wote, akae naye, aandike jina lake, jina la shehia, majina ya wapigaji na tarehe, na aombe idhini yake kabla ya kuurusha. Wimbo ukisharekodiwa hivyo huingia katika orodha ya studio pamoja na zile za Unguja na Mombasa, na mgeni wa wiki inayofuata anaweza kuuomba kwa jina.